Kilo Tatu

Miaka kumi na tisa nafundisha mapinduzi haya,
sababu sita, ubaoni, kwa chaki inayovunjikavunjika:
ya kwanza matabaka, ya pili kodi, ya tatu
fikra mpya, na kadhalika hadi kengele.
Wanazimeza. Wanazitapika kwenye mtihani
zikiwa nzima, hazijatafunwa.

Mwaka huu nilianza na mvua ya mawe.
Julai, nikasema, mwaka mmoja kabla ya moto,
mawe ya barafu kama mabibo mabichi
yaliiangukia ngano ikikaribia kuvunwa.
Baridi ikafuata, mito ikaganda, vinu vya maji vikasimama.
Mkate ukapanda bei hadi ujira wa siku
ukawa unaishia mdomoni, kiatu hakiuoni.
Kutoka nyuma Mfaume Chihipu akanyoosha mkono:
"Mwalimu, si wangekula ugali wa muhogo?"
Darasa likacheka. Nami nikacheka, kisha nikanyamaza.
Yuko mwanamke, nikamwambia, alisingiziwa utani kama huo,
na utani ule ulimfuata hadi shingoni.

Nikawaeleza chumvi. Hiyo waliielewa upesi:
serikali inakulazimisha uinunue,
kiasi imepanga yenyewe, bei imepanga yenyewe,
upike usipike.
"Kama salfa," akasema mtu.
Sikuuliza nani.

Halafu nikawapa jambo lisilotoka kwenye mtihani:
kwamba kabla hawajavunja gereza lolote
mfalme mwenyewe, hazina imemkaukia, aliwaomba waandike.
Kila kijiji daftari lake. Semeni kero zenu.
Wakaandika njiwa wa bwana wanaodokoa mbegu,
sungura anayekula kabichi na haruhusiwi kuguswa,
barabara wanayoilima bure kwa siku zao za shamba.
Maelfu ya madaftari, kwa adabu zote,
kwa "mtukufu" na "sisi watoto wako".
"Basi toeni karatasi. Kijiji ni hiki hiki, Mahuta."

Nimesahihisha usiku, taa ya sola inasinzia,
ndoo mbili za maji ya kununua zimefunikwa mlangoni.
Wengi wameandika barabara, choo cha wasichana, umeme.
Mmoja ameniandika mimi: huchelewa Jumatatu.
Ni kweli.
Na Somoe Nandonde, yule anayesoma kwa kuchezesha midomo,
ana mistari minne, herufi zimelalia kushoto:

*Gunia la mama nyumbani lilikuwa kilo themanini na mbili.*
*Tulipima kwa mizani ya Libaba, muuza misumari.*
*Ghalani likawa sabini na tisa.*
*Kilo tatu zilishukia wapi njiani, nani alizipokea?*

Nimekaa na karatasi hii.
Kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha hakuna kilo tatu,
kuna "unyonyaji wa kiuchumi", alama mbili.
Na wale wanawake wa sokoni, mwezi wa kumi kama huu,
waliotembea na mvua hadi ikulu, visu vya jikoni viunoni,
mimi huwaandika chini ya "matokeo",
kama kwamba walizaliwa siku ile barabarani,
kama kwamba hawakuwa na watoto nyumbani
wanaojua kutoa sabini na tisa kwenye themanini na mbili.

Kalamu nyekundu ikasita pembeni.
Nikaandika: *Umepima mara ngapi?*
Swali la mwalimu, la kujificha nyuma yake.

Asubuhi, siku ya mnada, nikapita ghalani.
Akina mama wamekaa juu ya magunia yao, kanga zimefungwa kibwebwe,
hakuna anayepiga soga.
Libaba naye yupo. Kaja na mizani yake begani,
kaifunika kwa shuka kama mgonjwa.

Darasani Somoe akasoma swali langu, midomo ikicheza,
akasimama bila kuitwa.
"Mara tatu, mwalimu.
Mara ya kwanza mimi na mama.
Mara ya pili na majirani.
Jana," akasema, akatazama dirishani,
"jana uwanja haukututosha."